Huru si bure: nyimbo zangu za mwaka kutoka Njiru

Haya wasomaji wangu, mwaka ndio huo unayoyoma, na kama ilivyo ada kila mtu anatoa orodha yake. Kuna wa simu bora, kuna wa programu bora, kuna wa mabao bora. Mimi kazi yangu ni kuandika programu na mkizoea kunisoma hapa mnajua naongea zaidi habari za misimbo na seva. Lakini leo naleta orodha ya nyimbo. Na si zile ambazo redio imezichezesha mpaka watoto wa nasari wanazijua. Ni nyimbo za wanamuziki wa kujitegemea: hawana kampuni kubwa nyuma yao, wanarekodi kwa mfuko wao na kuzipakia mtandaoni wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicho na minyororo na kitu kisicho na bei, ndiyo maana watu wa programu huria wamepoteza miaka mingi wakieleza kwamba hawazungumzii bei. Sisi Kiswahili kilituokoa mapema. Kuna huru na kuna bure. Jambo OpenOffice, ile tafsiri ya Kiswahili iliyotoka Dar es Salaam mwaka 2004, ilikuwa huru na ilikuwa bure pia. Muziki ninaouzungumzia leo ni huru, lakini si bure. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Muziki unavyonifikia

Kwa msiopajua, Njiru iko mashariki ya Nairobi, kwenye barabara ya Kangundo, ukishapita Kayole na Komarock na kabla hujafika Ruai. Zamani watu walipajua kwa machimbo ya mawe. Siku hizi ni ploti, magorofa na vumbi la magorofa yanayokuja. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 626,000 katika kaunti ndogo ya Njiru, ambayo ni pana kuliko mtaa wenyewe. Watu wote hao wanasafiri, na safari ya Eastlands haina ukimya.

Simama stejini dakika kumi tu jioni. Nganya inayotoka tauni inashuka na drill, besi inakupiga kifuani kabla hujaiona gari yenyewe. Nyuma yake kuna gari la kwenda Tala, na humo ni benga ya Kikamba, gitaa linakimbia kama limechelewa harusi. Ng'ambo ya barabara fundi wa redio ana Ghetto Radio 89.5. Kinyozi ana mchanganyiko wa DJ aliouweka kwenye flashi tangu mwaka juzi. Kwa hiyo siwezi kusema nautafuta muziki. Mara nyingi muziki ndio unaonitafuta, shida inakuja pale ninapotaka kujua jina lake.

Kwa nini Shazam hunyamaza

Hapa ndipo mtu wa programu anaingia. Mmeshawahi kuwasha Shazam ndani ya matatu ikakaa kimya? Si kelele peke yake. Njia ile, ambayo mvumbuzi wake Avery Wang aliieleza hadharani mwaka 2003, haitambui wimbo kama sikio lako linavyotambua. Inachukua sekunde chache za sauti, inatafuta vilele vya nguvu kwenye masafa mbalimbali, inaviunganisha jozi jozi kuwa alama za vidole, kisha inazilinganisha na alama zilizomo kwenye hazina yake. Kelele inaivumilia vizuri sana. Kitu kisichomo kwenye hazina haikijui kabisa. Na DJ akiongeza kasi kidogo ili nyimbo mbili zishikane, vilele navyo vinahama.

Wimbo uliorekodiwa chumbani Kayole wiki mbili zilizopita na kupewa DJ kwa WhatsApp haumo kwenye hazina yoyote. Kwa hiyo injini ya kutafutia ni makanga. Nimejifunza kuuliza kabla ya kushuka: "Mkubwa, huu ni wa nani?" Mara nyingine anajua jina, mara nyingine anajua mtaa tu: "Ni wa vijana wa huko Mowlem." Hiyo inatosha kuanzia.

Faili langu

Mwanzoni mwa mwaka nilijiwekea sheria: wimbo mmoja mpya kila wiki. Mpya kwangu, si lazima uwe umetoka mwaka huu. Sikuweka programu yoyote ya kifahari. Ni faili la maandishi matupu lenye nguzo hizi:

tarehe | wimbo | msanii | niliusikia wapi | nani aliniambia | kiungo | nimelipa?

Kando yake nina skripti fupi ya Python inayozunguka kwenye milisho ya RSS kila alfajiri. Wengi wanadhani RSS ilikufa. Haijafa. Kila chaneli ya YouTube bado ina mlisho wake, hata kama hakuna kitufe kinachokuonyesha. Ukijua kitambulisho cha chaneli unaupata, na hakuna mtu katikati anayekuamulia uone kipi na usione kipi.

Lakini niwaambie ukweli wa faili hilo. Nilipolipanga kwa nguzo ya "nani aliniambia", zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa na mtu. Dada wa saluni. Mwenzangu kazini. Makanga. Shemeji aliye Doha. Mapendekezo ya majukwaa yalikuwa machache, na mengi yalikuwa ya wasanii niliokwisha kuwajua. Kwa sisi tunaolipwa kuandika misimbo ya kupendekeza vitu, hiyo ni dawa chungu lakini inafaa kuimeza.

Orodha yenyewe

Sitaziweka zote 52. Hizi ndizo nilizozirudia mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna ujumbe ninaotaka kumfikishia.

KMRU, Peel (2020). Jina lake ni Joseph Kamaru, mtoto wa Nairobi, na ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu haimbi. Anarekodi sauti za mahali na kuzitandaza polepole, wimbo mmoja waweza kupita robo saa. Nausikiliza usiku nikitafuta hitilafu kwenye msimbo. Halafu jambo lililonifurahisha zaidi: huyo huyo anazitoa upya kazi za babu yake kupitia Bandcamp. Mkono mmoja unaandika kipya, mwingine unahifadhi nakala.

Nyokabi Kariũki, FEELING BODY (2023). Aliutengeneza kutokana na ugonjwa wa Uviko uliomkalia mwilini kwa muda mrefu. Sauti, pumzi, vyombo, vyote vinaeleza mwili unaokataa kutii. Sikuwa nimewahi kusikia ugonjwa ukielezwa hivyo.

Duma, Duma (2020). Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, wametolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni metali, kelele za mashine na mayowe. Siwaombi muupende. Nawaomba mjue kwamba umetoka hapa hapa. Khanja aliendelea peke yake kwa jina la Lord Spikeheart na mwaka 2024 akatoa The Adept.

Wakadinali, Victims of Madness (2020). Scar Mkadinali, Domani Munga na Sewersydaa. Hawa si wageni kwa yeyote anayepanda gari za huku Eastlands, lakini nilikuwa nawajua kwa nyimbo moja moja. Kusikiliza albamu nzima kwa utaratibu wake ni kitu kingine. Ukitaka kujua Sheng imefika wapi tangu Kalamashaka wa Dandora walipoitikisa nchi miaka ya 1990, anzia hapa.

Buruklyn Boyz, East Mpaka London (2022). Drill ya Buruburu. Kijana wa jirani ndiye aliyenisisitizia, na nilikubali baada ya wiki ya tatu.

Sounds of Sisso (2017). Mkusanyiko wa singeli kutoka Dar es Salaam. Kasi hupita mapigo 200 kwa dakika. Usiusikilize ukiendesha pikipiki.

Labdi. Anapiga orutu, fidla ya uzi mmoja ya Waluo ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Uzi mmoja! Kila nikisikia mtu akilalamika kwamba kipakatalishi chake hakina nguvu za kutosha, namkumbuka huyu dada.

Tulikotoka

Wasomaji wadogo wanaweza kudhani mambo haya yalianza na TikTok. Ngoja niwape historia fupi. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, na kabla ya hapo video moja kwenye saiba ilikuwa ni shughuli ya kwenda kunywa chai ukarudi. Machi 2010, kundi la kujitegemea la Just A Band likatoa video ya Ha-He yenye shujaa aitwaye Makmende. Ndani ya siku chache Wakenya walikuwa wamemtengenezea picha, kurasa na mizaha isiyohesabika. Wikipedia ya Kiingereza ilifuta makala yake zaidi ya mara moja kabla ya kukubali kwamba jamaa yupo. Kundi halikuwa na kampuni kubwa ya matangazo. Lilikuwa na watu wanaotumiana kiungo.

Miaka miwili kabla yake, 2008, Muthoni Drummer Queen alikuwa ameanzisha Blankets and Wine ili wanamuziki kama yeye wapate jukwaa. Mambo hayo mawili yaliwaonyesha wengi kwamba msikilizaji anaweza kupatikana bila kupitia mlango wa redio.

Lakini kupatikana si kulipwa, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Hesabu ya 1,000

Karibu na steji yetu kuna kibanda cha M-Pesa. Binti anayehudumu humo ana miaka ishirini. Usiku, mafundi wa kuchomelea wakishafunga, anajifunika blanketi kichwani na kuimba kwenye simu yake. Mwezi wa nne nilikuwa nimeenda kutoa pesa nikasikia sauti ndogo ikitoka chini ya kaunta, mchanganyiko wa Kikamba na Sheng. Nikauliza ni wa nani. Akazima. Kisha akawasha tena, akasema, "Ni wangu, brathe, lakini haujaiva." Ulikuwa umeiva. Ukaingia kwenye faili wiki hiyo.

Mwezi wa kumi alinionyesha takwimu zake kwenye jukwaa alilopakia: usikilizaji mara 612 tangu Januari. Alifurahi. Mimi nikanyamaza, kwa sababu najua kanuni. Tangu mwaka 2024 Spotify haigawi mgao kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita, na jukwaa lake lilikuwa na kizingiti cha namna hiyo. Pesa za nyimbo zilizo chini ya mstari haziendi kwa waimbaji wake. Wanapewa walio juu ya mstari. Nilipomweleza akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo wale 612 hawakusikiliza?"

Kuna mwenzangu kazini ana simu kuukuu nne kwenye droo. Akanambia tuandike skripti, simu zizungushe wimbo usiku kucha, ndani ya siku tatu tumemaliza. Na kweli, mistari ishirini ya msimbo ingetosha. Nikakataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: majukwaa yanatafuta mifumo kama hiyo, na wimbo ukibainika una usikilizaji bandia, unaweza kuondolewa na msambazaji wake kutozwa faini. Anayeumia ni yule binti. Ya pili ni kwamba ningekuwa namwambia kuwa nyimbo zake hazistahili masikio ya kweli, mashine zinamtosha.

Kwa hiyo tukapiga hesabu ya watu. Zilibaki 388 na wiki kumi. Watu 26 wakisikiliza mara 15 kila mmoja, tumefika. Mara 15 kwa wiki kumi si mara mbili kwa wiki. Wimbo wa dakika 3 kwa kilobiti 96 kwa sekunde unakula takriban MB 2.2, kwa hiyo mtu mmoja angetumia kama MB 33 kwa muda wote huo. Nikawaambia watu hizo namba waziwazi, kwa sababu bando huku kwetu ni kama unga, mtu anapima. Dada wa saluni akaahidi kuuweka asubuhi akifungua. Makanga mmoja akaujaribu kwenye spika za gari, akasema besi iko chini lakini sauti ya binti ni safi. Kundi la WhatsApp la ploti yetu, ambalo kwa kawaida ni la kulalamikia maji, likapata kitu kingine cha kujadili.

Kingine kilichotokea ni kwamba nilimtengenezea ukurasa. HTML tupu, picha moja, kitufe kimoja cha kusikiliza, na chini yake namba ya kulipia kwa M-Pesa: shilingi 50 upate faili lenye ubora kamili. Hakuna hazina-data, hakuna kuingia kwa nywila, hakuna matangazo. Ukurasa mzima ni mdogo kuliko picha ya chai ya mtu.

Wiki iliyopita usikilizaji ulifika 1,043. Mstari umevukwa. Lakini angalieni nguzo ya pili. Makadirio ya kawaida ya mgao wa majukwaa ni dola 3 hadi 5 kwa usikilizaji 1,000, na nchi zenye ada ndogo kama yetu huwa chini ya hapo. Kwenye ule ukurasa wa HTML, watu 31 wamelipa shilingi 50 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 1,550, na imeingia kwenye simu yake siku ile ile. Amenunua maikrofoni ya mtumba.

Namna ya kusambaza

Kwa hiyo, ukipenda wimbo wa mtu wa kujitegemea, fanya hivi.

Tuma kiungo kwanza, faili baadaye. Faili likizunguka WhatsApp wimbo unafika lakini mwimbaji hahesabiwi. Kama mtu hana bando, mchezeshee kwa simu yako.

Taja jina. Andika msanii, wimbo na mahali ulipousikia. "Track 01" ni kaburi lisilo na msalaba. Ukiwa na nafasi, uingize kwenye MusicBrainz, hazina huria ambayo yeyote anaweza kuongeza taarifa za nyimbo. Dakika kumi tu, na kesho programu ya mtu mwingine itaujua.

Nunua moja kwa moja unapoweza. Bandcamp inasema wastani wa asilimia 82 ya pesa hufika kwa msanii. Albamu moja ya dola 5 inampa takriban dola 4, yaani sawa na yale masikio 1,000 tuliyoyatafuta wiki kumi. Kwa wenye M-Pesa, kadi ya mtandaoni ya GlobalPay inafanya kazi pale palipoandikwa Visa.

Hifadhi nakala. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa kabla ya 2015 ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha seva, nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Milioni hamsini! Kama wewe ni mwimbaji, faili lako la asili likae sehemu mbili, na moja isiwe simu unayopanda nayo matatu.

Nimeanza faili jipya la mwaka ujao. Lina mstari mmoja tayari. Binti wa M-Pesa amenitumia wimbo wa pili, wa Kikamba mtupu safari hii, na kwenye nguzo ya "nimelipa?" nimeshaandika ndiyo. Basi kama mna wimbo wa mtu asiyejulikana, wa Mwiki au Mwanza au Muscat, nileteeni. Njooni na jina lake.